Mtoto Huyu Haongopi

Baada ya kumzika Bibi nilibaki kijijini Genkuru siku nne kufunga nyumba, na kazi iliyonishinda ilikuwa ndogo kuliko zote: kumwaga ulezi uliobaki kwenye kihenge cha mbegu. Nilifunua mfuniko, harufu ikanipiga usoni, ile ya nafaka kavu iliyochanganyika na samadi iliyokandikwa ukutani, nikajikuta nimekaa chini. Majirani walidhani ni uchungu wa msiba, nikawaacha wadhani hivyo. Ninyi wa rika langu mliokulia nyumba kama yetu mnajua kwamba kihenge cha mbegu hakiguswi na mtoto. Mimi nilikigusa nikiwa na miaka kumi, na tangu nilipojua nilichotoa humo sijawahi kunywa uji wa ulezi nikaumaliza.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: Bibi, Mama na mimi. Kwa wasiotufahamu, niseme wazi tu kwamba Bibi ndiye aliyemwoa Mama. Alikuwa mjane aliyezaa mabinti watupu, wote wameolewa mbali, na kwa desturi yetu Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaruhusiwa kutoa ng'ombe akaoa msichana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na wabebe jina la marehemu mumewe. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoiita. Mwanamume wa kuzaa naye huja na kuondoka, hana usemi. Watoto ni wa ng'ombe waliotolewa. Sisemi hivyo kwa dharau. Ndivyo tulivyoelewa wote, na mimi nilijua kuwa ni wa ng'ombe wa Bibi kabla sijajua kuandika jina langu.

Shida ni kwamba nilizaliwa msichana. Aliyenifuata naye alikuwa msichana, na hakumaliza hata mwezi. Baada ya hapo Mama aliugua muda mrefu, akapelekwa Natta kwa dada yake, mama yangu mkubwa, aliyekuwa akifua mashuka kwenye kambi moja ya watalii. Alirudi amenawiri, anacheka, na kuanzia hapo kila baada ya miezi miwili alisema anakwenda kumsalimia dada. Aliondoka asubuhi na gari la Mugumu, akabadilisha hapo, kesho yake akarudi na vipande vya sabuni yenye harufu ya watalii. Nilikuwa nangoja sabuni tu. Sikuuliza kwa nini mtu asafiri kutwa nzima kwenda kusalimia.

Alikuwa anafuata dawa. Mama alikuwa na virusi vya UKIMWI, na dawa zake alizichukulia Natta kwa sababu kwenye zahanati yetu pale kijijini aliyekuwa akifagia na kuita majina mlangoni alikuwa mke wa baba mdogo Marwa, mtoto wa mdogo wa marehemu mume wa Bibi, na lolote lililoingia sikioni mwa mwanamke yule lilifika kwa Marwa kabla ya chakula cha mchana. Nasema haya mapema ili msipate taabu ya kukisia. Mimi nilikuja kuyajua baadaye sana, na hilo ndilo ninalotaka kusimulia.

Jioni, ng'ombe walipoanza kuingia zizini na Bibi akiwa amesimama langoni kuwaangalia mmoja mmoja, Mama aliingia ndani peke yake. Siku moja nilimfuata. Alifunua kihenge cha mbegu, akazamisha mkono kwenye ulezi mpaka kiwiko, akatoa kopo la mafuta ya kujipaka lililofungwa kwa kipande cha khanga. Ndani alikuwa amejaza pamba ili lisipige kelele. Akatoa kidonge kimoja, cheupe, kirefu, kikubwa kama harage, akakimeza na maji ya mtungini, akasimama amefumba macho kama mtu anayehesabu kitu kichwani. Alipogeuka akaniona.

"Ni dawa ya kichwa," alisema. "Usimwambie Bibi, ataona mimi ni mgonjwa mgonjwa."

Nikakubali. Lakini nilikuwa mtoto wa maswali, na nilijiuliza ni kichwa gani hiki kinachouma kila siku ng'ombe wakirudi.

Wakati huo nyumbani kulikuwa na hofu moja tu, na sisi sote watatu tulilala nayo. Marwa alikuwa ameanza kupita mpakani mwa shamba letu akipima kwa hatua, mchana kweupe, mikono nyuma. Alimsalimia Bibi kwa adabu zote, shikamoo mama mkubwa, umeamkaje, miguu inaendeleaje, kisha akaendelea kupima. Bibi alimjibu vizuri, na akishaondoka alitema mate. "Huyo anangoja nife," aliniambia. "Nisipopata wa kiume hapa, wewe na mama yako mtatoka na mitungi yenu kichwani." Aliniambia mimi, mtoto wa miaka kumi, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwambia. Basi nikamtaka huyo mdogo wangu wa kiume kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilimwomba Mungu kanisani, na kwa tahadhari nilimwomba pia yule babu aliyezikwa nyuma ya zizi.

Halafu ikaja siku ya kupima watoto uzito. Jirani yetu aliniomba nimbebee mwanawe hadi kanisani, kwa kuwa mzani walikuwa wameutundika kwenye boriti humo. Nesi alikuwa dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, mcheshi, anayeongea Kiswahili kilichonyooka mpaka wanawake wakawa wanamwigiza. Walipomaliza kupima aliwakalisha kwenye mabenchi akawafundisha uzazi wa mpango.

"Ni kidonge kimoja tu kila siku, muda uleule," alisema. "Ukiruka, kazi yote bure. Na kama mzee nyumbani ana maneno, si lazima ajue. Tafuta mahali pako pa siri, weka, meza, nyamaza."

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza mahali pa siri ni wapi kwenye nyumba ya chumba kimoja, wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na mtoto wa watu mgongoni, nayarudia maneno yake kichwani. Kidonge kimoja. Kila siku. Muda uleule. Mahali pa siri. Nilikuwa nimeelewa kwa nini mdogo wangu haji.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Ningependa kusema niliumia, kwamba nilipigana na nafsi, lakini si kweli. Nilimkasirikia Mama. Niliona anatuchezea mimi na Bibi, anakula ugali wetu huku anamfungulia Marwa mlango. Siku ya tatu Bibi alikuwa anapepeta ulezi uani, mimi nimekaa karibu nachambua mawe, Mama amekwenda kisimani.

"Bibi," nikamwambia, "Mama hawezi kupata mtoto. Anameza vidonge vya kuzuia."

Ungo haukusimama. Alipepeta mara mbili tatu zaidi, makapi yakaruka, ndipo akauweka chini.

"Nani amekwambia?"

"Nimeona mwenyewe. Nesi alisema ndivyo vinavyomezwa."

"Viko wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka. Nilizamisha mkono wangu mwenyewe kwenye mbegu, nikatoa kopo, nikamkabidhi. Bibi alifungua, akaondoa pamba, akatazama ndani. Hakujua kusoma, na hata angejua hapakuwa na maandishi, Mama alikuwa ameshavihamisha vidonge kutoka kwenye chupa yake. Alitoka nalo, akaenda moja kwa moja chooni, nikasikia vidonge vikianguka chini kabisa. Lingekuwapo jicho lingine pale, hata la yule mke wa Marwa mwenye mdomo, lingesema hapana, vya uzazi havikai hivyo, huja kwenye karatasi ya kubonyeza. Hapakuwa na jicho lingine. Tulikuwa mimi na Bibi, na kila mmoja alimwamini mwenzake.

Mchana uleule Bibi alimwita Mama ndani. Alimwita na mzee mmoja wa ukoo awe shahidi. Marwa hakuitwa, Bibi hakuwa mjinga. Mimi nilikaa mlangoni na hakuna aliyenifukuza.

"Ghati," Bibi alisema, "ulikuwa unaficha nini kwenye mbegu zangu?"

Mama aliinamisha kichwa. Mlipuko wa mgodi wa dhahabu ulio jirani ulipiga, ule wa kila mchana, vikombe vikatikisika kwenye kabati.

"Ulikuwa unazuia uzazi," Bibi akasema. "Sema kama ni uongo."

Nilimwona Mama akiinua kichwa. Alimtazama Bibi, akamtazama mzee, kisha akanitazama mimi pale mlangoni, muda mrefu kuliko alivyowatazama wale wengine. Sasa ninajua alichokuwa anapima. Akisema hapana, angeulizwa basi ni dawa gani. Na akitaja ni dawa gani, aliamini angerudishwa kwao siku hiyohiyo, ng'ombe wangedaiwa kwa baba yake, na mimi ningebaki, kwa sababu mimi ni wa nyumba ya Bibi. Wakati ule sikujua. Niliona tu mtu aliyekamatwa.

"Ni kweli," Mama alisema. "Nilikuwa nazuia. Naomba mnisamehe."

Mzee akaguna. "Ng'ombe walitoka hapa kwa ajili ya mtoto, binti. Hawakutoka kwa ajili ya kitu kingine."

"Najua, tata," Mama akasema, kama mtu anayemjibu baba yake.

"Na Natta hutaenda tena," Bibi akasema. "Huyo dada yako ndiye anakupa hizo dawa."

"Sawa, Mama."

Ndivyo alivyomwita Bibi sikuzote, Mama. Nilitoka pale nikiruka. Niliona kazi imekwisha, na kwamba mimi ndiye niliyeimaliza.

Asubuhi ya pili yake nilimkuta Mama amelala kifudifudi kwenye sakafu ya choo. Shavu liko chini kabisa, anachungulia shimoni, na mkononi ana ufito mrefu aliouchomoa kwenye ua. Nilishtuka nikamuuliza anatafuta nini.

"Nimeangusha hereni," alisema bila kuinuka.

Nikajitolea kumtafutia tochi kwa jirani. Akasema acha, imekwenda. Alipoinuka akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akaenda kukamua. Jioni nikiwa nasukwa nywele kati ya magoti yake niligeuka kumtazama, nikaona hereni zote mbili ziko masikioni. Nikafurahi. Nilidhani aliipata.

Mwezi ukapita, na mwingine. Mama mkubwa alipoona mdogo wake hatokei Natta siku ya kliniki, akaja yeye. Alifika na bodaboda, kapakata mfuko wa sukari na sabuni. Bibi alimpokea kwa heshima zote, akachinja kuku, akakaa naye. Na akakaa. Mama mkubwa akitoka nje Bibi anatoka, akiingia Bibi anaingia. Mwishowe Mama alisema maji yamekwisha, yeye na dada yake watakwenda kisimani mara moja.

"Mtoto aende nao," Bibi akasema. Kisha akaniinamia: "Usiwaache hata kidogo. Wewe ndiye macho yangu."

Hakuna cheo nilichowahi kupewa maishani kilichonijaza kifua kama kile. Nilitembea katikati yao na kidumu changu, kama askari kabisa. Kisimani mama mkubwa alitazama huku na huku, akaingiza mkono kifuani, akatoa kifurushi cha nailoni kilichokunjwakunjwa.

"Wewe mtoto," akaniambia, "kachote kule juu, huku kuna tope."

"Bibi amesema nisiwaache."

"Kachote, mwanangu, ni hapo tu."

"Bibi amesema."

Mama mkubwa alitaka kunishika mkono anisogeze kwa nguvu. Mama akamzuia. Uso wake haukuwa na hasira, na ni heri ungekuwa nayo.

"Rudisha, dada," alisema. "Mtoto huyu haongopi. Akiulizwa atasema alichokiona. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha."

"Basi mwambie ukweli."

"Nimwambie, halafu? Ana miaka kumi. Jambo hilo atalibeba wapi? Akijua leo, kesho bibi yake anajua."

"Ghati, utakufa."

"Wakinirudisha kwetu na huyu akabaki hapa, huko siyo kufa?"

Walikuwa wanaongea mbele yangu kana kwamba nimekuwa jiwe. Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Lile "utakufa" nililielewa kwa namna yangu: mwaka uliotangulia mwanamke mmoja wa jirani alikuwa amekufa akijifungua, nikajua mama mkubwa anamtisha Mama kwa uchungu wa kuzaa ili arudie vidonge. Ndiyo maana, tulipofika nyumbani na Bibi akaniita pembeni akaniuliza, nilimweleza kwamba mama mkubwa alileta vingine na Mama akavikataa. Bibi alifurahi mpaka akamkatia Mama paja la kuku. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alilitafuna, akalimeza, akasema asante.

Wapo watakaouliza kwa nini hakutoroka, kwa nini hakumwendea yule nesi wa Iringa akamwambia pembeni. Nimejiuliza hayo miaka mingi, kwa hasira, hata kumlaumu marehemu. Nadhani alijaribu. Mimba ilipoingia, Bibi mwenyewe alimpeleka zahanati, bega kwa bega, amemshika mkono kama yai. Mlangoni alikuwapo mke wa Marwa na daftari la majina, anaita kwa sauti, huyu aingie chumba hiki, yule apimwe damu chumba kile. Mama alikaa kwenye benchi mpaka wawili waliomtangulia wakaisha. Alipoitwa yeye akasimama, akamwambia Bibi anasikia kichefuchefu, warudi nyumbani. Hakwenda tena. Bibi hakumlazimisha, alikuwa amezalisha nusu ya wake wa ukoo ule kwa mikono yake na hakuona haja.

Mdogo wangu alizaliwa ndani ya nyumba yetu, asubuhi moja ya mvua, na Bibi alipiga vigelegele mpaka Marwa akasikia kwake. Akaitwa Chacha, jina la babu. Nilimshika nikamwona ana kucha, nikalia kwa furaha. Nilimwambia sikioni kwamba mimi ndiye niliyemleta. Nilikuwa na hakika hiyo.

Mama alikuwa amebaki ngozi. Alikohoa, midomo ikapasuka, na maziwa aliyomnyonyesha Chacha sijui aliyatoa wapi. Watu walisema Marwa amemroga kwa wivu, na Bibi akaamini, akamwita mtu wa dawa za kienyeji, akachinja mbuzi, akaita na waombaji wa kanisani wakaweka mikono. Alimpigania, hilo nalishuhudia. Alimbeba mgongoni, yule mwanamke mzee, kumtoa nje aote jua. Kila alichokijua alikifanya. Siku moja Mama aliniita nikae naye kwenye mkeka, akanisuka nywele mistari miwili, akachoka, akaacha nusu. "Bibi yako atamalizia," alisema. Nilimwambia akipona atamalizia mwenyewe. Alikufa Chacha akiwa na miezi saba, na mpaka anakufa hakuwahi kuniambia neno moja la kunilaumu. Ningempa chochote aniambie.

Baada ya mazishi Chacha naye akaanza kukauka. Bibi alisema safari hii hataki mganga, akambeba, akanichukua na mimi, tukaenda hospitali mjini Tarime. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa. Alipima, akatukalisha, akauliza mama wa mtoto yuko wapi.

"Amefariki," Bibi akasema.

"Pole sana, bibi. Kuna dawa zozote alikuwa anatumia?"

"Alikuwa anameza za kuzuia uzazi. Tukamkataza."

Daktari akaandika. Kisha akatueleza, taratibu, kwamba mtoto ana virusi, kwamba aliambukizwa na mama yake, kwamba dawa zipo na akipewa kila siku bila kukosa atakua kama watoto wengine. Akasema hata mama angekuwa nazo, angeishi, na huenda mtoto asingeambukizwa. Akachukua chupa mezani, akamimina vidonge vitatu kiganjani.

"Watu wazima tunawapa hizi. Hamkuwahi kumwona nazo?"

Vilikuwa vyeupe, virefu, vikubwa kama maharage. Bibi alivitazama. Nami nikavitazama. Mtoto alikuwa analia, na Bibi hakumbembeleza.

"Na za kuzuia uzazi," Bibi aliuliza, "zinafananaje?"

Daktari akafungua droo akamwonyesha: vidonge vidogo vidogo, vimepangwa safu kwenye karatasi ya kung'aa. Bibi akasema asante, mwanangu. Akapokea dawa za Chacha, akarudia maelezo yote bila kosa alipoambiwa ayarudie.

Nje ya geti alikaa chini, kwenye vumbi, nguo nzuri na yote. Bodaboda walikuwa wanatuita twende stendi, hakuwasikia.

"Vya mama yako vilikuwa kama vile vya kwanza," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ni mimi niliyemwaga."

"Ni mimi niliyekuambia."

Alinishika shingoni kwa nyuma, akauvuta uso wangu mpaka ukagusa wake.

"Hili tutakufa nalo," alisema. "Mimi na wewe. Usimwambie mtu."

Siku tuliyorudi alimwita Marwa na mkewe na wazee, akawaambia waziwazi kwamba Chacha ana virusi, anameza dawa, na ndiye mrithi wa nyumba ile, mwenye neno aseme. Hakuna aliyesema. Kwa miaka kumi na moja hakumkosesha mtoto yule dawa hata siku moja. Alikataa kulala misibani kwa ajili ya dawa hiyo. Nilikuwa namtazama akimpa, na swali moja lilikuwa linanitafuna, na linanitafuna hadi leo: mwanamke aliyeweza kusimama mbele ya ukoo akasema vile, je, angemfukuza Mama kweli? Labda angefoka siku mbili, kisha akampelekea maji ya kumezea. Mama hakumjua vya kutosha kumwamini. Mimi nilimjua, lakini sikujua kilichokuwa kwenye kopo.

Bibi ametimiza ahadi yake, amekufa nalo. Chacha sasa anakaa na mimi hapa Tarime mjini, nyumba ya kupanga, anasoma darasa la sita. Wiki moja baada ya mazishi aliacha kumeza. Alikuwa anavificha chini ya ulimi, anakwenda kuvitema nyuma ya bafu. Nilivikuta vitatu. Nilimgombeza, nikambembeleza, nikamwita nesi wa kliniki akaongea naye. Alisikiliza kwa adabu, na alipoondoka akaniambia:

"Hazifanyi kazi. Kule kijijini wanasema Mama alikuwa anameza dawa kwa siri, na alikufa."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba na kidonge kwenye kiganja. Siku ya nne hiyo bila dawa. Ningeweza kutunga kitu. Nimekuwa mtu mzima, nimejifunza kudanganya kama wengine, kazini nadanganya kila siku. Lakini uongo wowote niliouwaza ulimwacha Mama akiwa amekufa na dawa tumboni, na Chacha angekitema kile kidonge tena.

"Hakufa anazimeza," nikasema. "Alizimeza, akawa mzima. Zilipokosekana ndipo akaugua."

"Zilikosekanaje?"

"Zilimwagwa chooni."

"Na nani?"

"Bibi. Alidhani ni za kuzuia uzazi. Wewe ulikuwa hujazaliwa, tulikuwa tunakutafuta."

Akafikiri. Ni mtoto anayefikiri, kama mimi nilivyokuwa.

"Bibi alijuaje zilipo?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia mzani wa kanisani mpaka kisimani. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikitazama kidonge, akakiweka mdomoni, akakimeza bila maji, nikaona koo likipanda na kushuka. Akafungua kinywa, akainua ulimi, akanionyesha kwamba kimekwenda. Kisha akageukia ukutani.

Hii ni wiki ya tatu. Kila jioni anakuja mwenyewe bila kuitwa, anameza mbele yangu, anainua ulimi, anaondoka. Hajanisemesha hata neno moja. Naomba Mungu Chacha asije akanisamehe kwa kunionea huruma, hasira hiyo ikaisha, halafu akasahau kumeza.